Stima ya Jua, Upepo na Mvuke: Mambo Yanayomhusu Mkulima wa Skimu

Ndugu mkulima, jioni ya leo utakapoketi kuhesabu maziwa uliyopeleka kwenye sosaiti, itazame taa iliyo mbele yako. Miaka ishirini iliyopita, katika nyumba nyingi za skimu, taa hiyo ilikuwa koroboi au taa ya chemni, na mafuta yake yalinunuliwa dukani kwa kipimo cha chupa. Leo katika nyumba nyingi ni taa ndogo nyeupe inayopata nguvu kutoka kwa bamba la sola lililopigiliwa juu ya mabati, au ni balbu ya stima ya laini. Mwandishi wa maneno haya alisoma vitabu vyake vya shule kando ya koroboi, na asubuhi makamasi yake yalikuwa meusi kwa masizi. Hana hamu ya kuirudia.

Huenda ukasema kwamba taa ni taa tu, na ikiwa inaangaza yatosha. Lakini badiliko hili limepita taa. Nchi inapopunguza petroli, dizeli na mafuta ya taa, ikaanza kutumia jua, upepo na mvuke utokao chini ya ardhi, fedha za nyumbani hutoka kwa njia nyingine, watu fulani hupata kazi na wengine huikosa, na ardhi ambayo zamani ilikuwa ya malisho na viazi huanza kutafutwa na watu wenye mitambo. Wewe uliyepata shamba lako kwa mkopo, au uliyelirithi kwa baba aliyelipata hivyo, wajua vizuri maana ya deni na maana ya ardhi. Ndiyo sababu twataka kuzungumza nawe habari hii.

Kwanza, kwa nini dunia inataka kuacha mafuta? Makaa ya mawe na mafuta yakichomwa hutoa hewa ya kaboni. Hewa hiyo hukaa angani miaka mingi, nayo huzuia joto la dunia lisitoke, kama blanketi linavyofanya juu ya mtu aliyelala. Joto likizidi, majira ya mvua huvurugika. Wakenya hawakuchoma mafuta mengi wakilinganishwa na watu wa nchi za viwanda, lakini hasara inawafikia vilevile. Kuanzia mwisho wa mwaka wa 2020 hata mwanzo wa mwaka wa 2023, sehemu kavu za Kenya, Ethiopia na Somalia zilikosa mvua misimu mitano mfululizo, na mifugo mingi mno ilikufa.

Sababu nyingine iko karibu zaidi na mfuko wako. Kenya hununua mafuta yake ng'ambo. Kiwanda cha kusafisha mafuta pale Mombasa kiliacha kazi hiyo mwaka wa 2013, na tangu hapo petroli na dizeli huletwa zikiwa zimekwisha kusafishwa. Vita vilipozuka Ukraine mwaka wa 2022, mkulima wa Kinangop ambaye hakujua Ukraine iko upande gani wa dunia alilipa zaidi kulimiwa kwa trekta, na mwenye lori la kupeleka kabichi Nairobi akapandisha bei. Ni kweli kwamba mabamba ya sola na mitambo ya upepo nayo hununuliwa ng'ambo. Lakini hivyo hununuliwa mara moja vikatumika miaka mingi, hali tangi la dizeli hujazwa leo na kesho.

Katika jambo hili Kenya haiko nyuma. Visima vya kwanza vya kutafuta mvuke vilichimbwa Olkaria, karibu na Naivasha, katika miaka ya 1950, na mtambo wa kwanza, wa megawati 15, ulianza kutoa stima mwaka wa 1981. Mvuke hufanya kazi hivi. Maji ya mvua yaliyozama chini ya Bonde la Ufa tangu zamani hukutana na mawe ya moto. Kisima kikichimbwa kilomita mbili au tatu kwenda chini, maji hayo hupanda yakiwa mvuke wenye nguvu, nao huzungusha mtambo wa stima. Siku hizi kama sehemu tisa katika kila kumi za stima ya Kenya hutoka kwa mvuke, maji ya mito, upepo na jua. Na mvuke peke yake hutoa kama sehemu nne.

Wenye umri watakumbuka kiangazi cha mwaka wa 2000. Mabwawa ya mto Tana, Masinga na mengineyo, yalipungua maji, stima ikagawanywa kwa saa, na mitambo ya dizeli ikaletwa kwa haraka ili kuziba pengo. Aliyeilipia dizeli hiyo ni mtumiaji. Hata leo, ukiisoma bili ya stima vizuri, utaona sehemu ya gharama ya mafuta, ambayo hupanda wakati mitambo ya dizeli inapofanya kazi zaidi. Mvuke haungoji mvua za mwaka huu. Kwa sosaiti yenye tangi la kupoza maziwa jambo hili si dogo, kwani stima ikikatika usiku kucha, asubuhi maziwa ya jioni humwagwa, na mwisho wa mwezi kila mwanachama huliona pengo hilo katika malipo yake.

FEDHA ZA KILA SIKU NA FEDHA ZA SIKU MOJA

Mafuta ya taa yana jambo moja jema: yanakubali fedha kidogo. Mwenye shilingi 20 hupata ya shilingi 20. Ubaya wake ni kwamba kesho atarudi tena dukani. Tufanye hesabu. Nyumba inayotumia mafuta ya shilingi 20 kila siku hutumia shilingi 7,300 kwa mwaka, na mwaka unaofuata 7,300 nyingine, na hakuna kinachobaki ila chemni iliyopasuka. Sola ni kinyume chake. Jua lenyewe halidai kitu, lakini bamba, betri na taa zadai fedha zote siku ya kwanza, na mkulima anayelipwa na sosaiti mwisho wa mwezi hana fedha hizo zote pamoja.

Hapa ndipo biashara ya kulipa kwa simu ilipoingia. Tangu kama mwaka wa 2012 yako makampuni yanayouza sola kwa amana kidogo, na mnunuzi hulipa kila siku kwa M-Pesa. Asipolipa, kifaa huzimwa kutoka mbali mpaka alipe. Njia hii imeangaza nyumba nyingi ambazo zingengoja miaka mingi. Lakini deni ni deni, hata likilipwa kwa vipande vidogo. Tuseme kifaa chauzwa taslimu shilingi 10,000. Kwa mkopo wadaiwa amana ya shilingi 2,000, kisha shilingi 60 kila siku kwa siku 240. Hesabu mwenyewe: utakuwa umelipa shilingi 16,400. Zile 6,400 za ziada ni malipo ya kungojewa. Pengine yafaa kuzilipa, maana katika muda huo mafuta ya taa nayo yangekula fedha zako. Ila uzijue kabla ya kutia sahihi. Na kama chama chenu cha ushirika kina akiba na mikopo, kauliza riba yao kwanza, kisha linganisha.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi, nalo ni la ndani ya nyumba. Mara nyingi bamba la sola huandikwa kwa jina la baba, na simu ya kulipia ni yake. Lakini aliyekuwa akinunua mafuta ya taa kwa fedha za mayai na mboga ni mama. Koroboi ikiondoka, fedha hizo za mama zaweza kubaki mkononi mwake, akanunua madaftari na sabuni. Au aweza kuambiwa azitoe kwa deni la sola, ilhali taa moja imepelekwa zizini, nyingine iko sebuleni, na yeye apika gizani kama zamani. Mpatane mapema taa zitawekwa wapi na kila mtu atatoa nini. Twaonelea taa ya kwanza iwekwe jikoni.

Sola hizi ndogo hazipiki. Katika nyumba nyingi za mashambani zinazopika bado ni kuni, na anayevuta moshi wake ni mwanamke na mtoto aliye mgongoni. Mwenye ng'ombe wawili wanaolishwa zizini aweza kupata samadi ya kutosha mtambo mdogo wa gesi. Mavi mabichi huchanganywa na maji sawa kwa sawa, hutiwa ndani ya shimo lililojengwa lisipitishe hewa, na gesi hupelekwa jikoni kwa bomba. Tope linalotoka upande wa pili ni mbolea njema kwa majani ya ng'ombe na mboga. Jambo hili si geni katika Kenya. Shamba moja la kahawa la mlowezi lilijengewa mtambo kama huu mwaka wa 1957. Lakini kama maji yako huletwa na punda kutoka mbali, au kama ng'ombe wako hushinda malishoni na mavi yao hubaki huko, usianze. Mitambo mingi imekauka ikawa mashimo matupu kwa sababu mwenyewe alihesabu gesi, asihesabu ndoo za maji.

PAMPU NA MTO

Pengine faida kubwa kuliko zote kwa mkulima wa mboga ni pampu ya jua. Tuseme pampu yako ya petroli hunywa lita tatu kwa siku, nawe wanyunyiza siku 100 za kiangazi. Hizo ni lita 300. Kwa bei ya shilingi 180 kwa lita, umetumia shilingi 54,000, mbali na spaki na mafuta ya injini. Pampu ya jua na mabamba yake hata ikinunuliwa shilingi 90,000, petroli ya viangazi viwili yaizidi. Haihitaji betri ukiwa na tangi lililoinuliwa: mchana jua hupandisha maji, jioni maji hushuka yenyewe. Mabamba yapanguswe vumbi, na yainamishwe kidogo ili mvua iteremke na isituame juu yake.

Sasa fikiri upande wa pili. Mwenye pampu ya petroli alikuwa akiizima mapema, kwani kila saa ilikuwa na bei yake. Mwenye pampu ya jua hana sababu ya kuizima. Huiwasha asubuhi akaenda sokoni, na maji hutiririka hata magharibi, yawe yanahitajiwa au hayahitajiwi. Mmoja akifanya hivyo, mto hauoni kitu. Wakifanya hivyo watu arobaini kando ya kijito kimoja mwezi wa Februari, walio chini hukosa maji ya kunywesha ng'ombe. Zamani bei ya petroli ndiyo iliyokuwa ikilinda kijito bila kusudi. Sasa hapana budi kilindwe na mapatano ya watu. Wenye pampu waungane katika chama cha watumiaji maji, wapatane siku na saa, na kila mmoja apate kibali kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Wengine huona kibali ni usumbufu. Lakini siku ya ugomvi, mwenye kibali ndiye anayesikilizwa.

WALE WALIOKULA KWA MAFUTA

Tusijifanye kwamba badiliko hili halimwumizi mtu. Mwenye mashini ya posho ya dizeli aliyeinunua kwa mkopo huona laini ya stima ikifika sokoni, na mwezi unaofuata kijana mwenye mota ya stima anasaga debe kwa bei iliyo chini. Fundi aliyekuwa akitengeneza injini za pampu hupata kazi chache. Mwenye duka aliyeuza mafuta ya taa kwa chupa alikuwa akipata faida kidogo, lakini kila aliyekuja kununua mafuta alinunua na sukari na chumvi. Hawa ni majirani zetu. Anayeweza na ajifunze kazi mpya mapema. Kazi ya kufunga sola yahitaji leseni kutoka kwa EPRA, yaani Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, na fundi mwenye leseni hiyo hukosa nafasi ya kupumzika. Nawe mnunuzi ukitaka kufungiwa sola kubwa ya pampu au ya nyumba nzima, uliza leseni kabla ya kutoa fedha. Waya uliofungwa vibaya huchoma nyumba kama koroboi ilivyochoma.

Mwezi wa Septemba 2018 Serikali ilitoza ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, kwa kuwa wafanyabiashara wengine walikuwa wakiyachanganya na dizeli na kuharibu injini za watu. Ushuru huo ulikuwa na sababu yake. Lakini kikongwe aliyebaki na koroboi, asiye na sola wala stima wala mtoto wa kumtumia fedha, alilipa sawa na mdanganyifu. Kama yuko kikongwe kama huyo katika skimu yako, taa moja ndogo ya jua iliyochangwa na kanisa, msikiti au kikundi cha akina mama itamfaa kuliko maneno.

UPEPO WA KINANGOP

Sasa twaja kwenye ardhi, na hapa tutakaa kidogo.

Watu wa Kinangop wayajua mambo haya kuliko sisi. Mashamba mengi ya huko yalinunuliwa kwa walowezi na kugawiwa wakulima Waafrika mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika mpango ulioitwa wa eka milioni moja, na waliogawiwa wakapewa ardhi kwa mkopo. Baada ya nusu karne ikaja kampuni iliyokuwa imeona kile ambacho kila mchunga kondoo wa huko hukijua, kwamba upepo wa ukingo wa Bonde la Ufa haulali. Ilitaka kusimamisha mitambo 38 ya upepo, jumla yake megawati 60.8.

Mtambo mmoja wa upepo hauchukui ardhi kubwa. Ukiisha kusimama, viazi na kabichi zaweza kulimwa karibu na mguu wake na kondoo wakalala kivulini. Lakini maneno haya hayakuwafikia watu wote, na waliofikiwa si wote walioyaamini. Mwenye shamba lililochaguliwa angelipwa kodi. Jirani aliyepakana naye angeyaona mabawa yakizunguka na kuisikia sauti yake, asipate senti. Wengine waliogopa kwamba watahamishwa, wengine waliogopa ugonjwa, na wengine walisikia habari hizo kwa watu waliokuwa na hamu ya kura. Mwanzoni mwa mwaka wa 2015 maandamano yakawa ghasia, na mtu mmoja akauawa kwa risasi. Februari 2016 kampuni ikatangaza kwamba imeacha. Nchi haikupata stima ile, wenye mashamba hawakupata kodi, na nyumba moja ikabaki na kaburi.

Wako waliosema wakulima wa Kinangop ni wajinga wasiopenda maendeleo. Hatukubali. Mtu ambaye babu yake alifukuzwa katika ardhi, na ambaye baba yake aliinunua tena kwa mkopo, ana haki ya kuuliza mara kumi anapomwona mgeni akipima shamba lake. Habari ya ardhi ya namna hiyo haielezwi kwa baraza la saa moja chini ya mti. Yahitaji miezi, yahitaji karatasi zilizoandikwa kwa lugha ambayo mzee aweza kusomewa nyumbani na mjukuu wake, na yahitaji jirani asiye na mtambo naye apate kitu, kama si fedha basi barabara, maji au stima yenyewe. Mtu aliyeketi gizani hawezi kufurahia nguzo za stima zinazopita juu ya paa lake kwenda mjini.

Kaskazini mambo yalikwenda namna nyingine. Katika jimbo la Marsabit, karibu na Ziwa Turkana, ilisimamishwa mitambo 365 ya upepo yenye megawati 310. Mitambo ilikuwa tayari mwaka wa 2017, lakini laini ya kupeleka stima Suswa haikumalizika mpaka mwaka wa 2018, na katika muda huo nchi ilidaiwa fedha kwa stima ambayo haikuipata. Leo upepo wa huko ni sehemu kubwa ya stima tunayotumia. Lakini ardhi iliyokodishwa ilikuwa eka 150,000 za wafugaji, na wenyeji walikwenda mahakamani. Mwaka wa 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi pale Meru iliamua kwamba hati za ardhi hiyo zilipatikana bila kufuata sheria, na shauri likaendelea miaka iliyofuata. Basi ona: kampuni ilikuwa imekwisha kusimamisha mitambo yote, na bado msingi wa hati haukuwa imara. Kukosa kuwauliza wenyeji kuliumiza pande zote mbili.

Huko Olkaria, mwaka wa 2014, zaidi ya familia 150 za Wamaasai zilihamishwa ili kupisha mtambo wa nne. Walijengewa nyumba mpya za mawe na shule. Hata hivyo walilalamika juu ya ardhi waliyopewa, juu ya umbali, na juu ya mikutano ambayo haikuendeshwa kwa lugha yao. Malalamiko yalifika Benki ya Dunia, wapatanishi wakaletwa, na mapatano yakafikiwa. Yafaa kujua kwamba Sheria ya Kawi ya mwaka wa 2019 imeweka haki ya wenyeji katika mvuke: mrabaha unaolipwa kwa mvuke hugawanywa sehemu 75 katika mia kwa Serikali kuu, 20 kwa serikali ya jimbo, na 5 kwa jamii ya mahali penyewe. Sehemu tano si nyingi, lakini imeandikwa katika sheria, na kilichoandikwa katika sheria chaweza kudaiwa.

MGENI AKIJA KUPIMA SHAMBA LAKO

Huenda siku moja gari likasimama kwenye lango lako, na watu waliovaa kofia za plastiki wakaomba kusimamisha mlingoti wa kupima upepo, au kupitisha laini, au kukodi eka kadhaa za mabamba ya jua. Usiwafukuze, wala usitie kidole gumba siku hiyo. Chukua karatasi, ukae nayo.

Jambo la kwanza la kutazama ni hati yako mwenyewe. Katika skimu nyingi deni la mfuko wa makazi halijamalizika, au limelipwa lakini hati haikuchukuliwa ofisini. Na mara nyingi zaidi hati iko, ila jina lililoandikwa ni la babu aliyekufa miaka ishirini iliyopita, na watoto hawakufanya urithi. Kampuni haitaweza kumlipa marehemu. Tumeona ndugu wakigombana juu ya kodi ambayo haijalipwa bado. Anzeni shughuli ya urithi sasa, hata kama hakuna mgeni aliyekuja.

Ardhi ya kilimo haikodishwi kwa namna hiyo bila kibali cha Bodi ya Kudhibiti Ardhi, na bibi yako hana budi kukubali. Msome mkataba pamoja. Tazameni ni wa miaka mingapi, maana mkataba wa miaka ishirini na mitano utamkuta mtoto wako akiwa mkulima. Tazameni kama kodi itapanda bei za vitu zinapopanda. Shilingi 10,000 za leo hazitanunua kitu kile kile mwaka wa 2045. Ulizeni ni nani atakayeondoa msingi wa saruji mkataba ukiisha, nani atalipa mimea ikiharibiwa na magari, na kama mwaweza kulima na kulisha ng'ombe chini ya mitambo. Kisha mwulize yule mgeni swali ambalo halikuulizwa vya kutosha Kinangop: jirani yangu atapata nini? Kama mko wakulima kumi wenye mashamba yanayotakikana, nendeni kumi pamoja, mkichanga fedha za wakili mmoja. Mtu mmoja mmoja hupewa bei tofauti, na siku zikijulikana hapana amani.

BETRI ILIYOKUFA

Neno la mwisho ni la betri. Bamba la sola hudumu miaka ishirini na zaidi, lakini betri huchoka baada ya miaka michache, na hasa zile za risasi huchoka upesi zikiachwa kuisha kabisa kila usiku. Ndani yake mna risasi na asidi. Pale Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi katikati ya nyumba za watu, na risasi ikaingia katika udongo na damu ya watoto. Wakazi walishtaki. Mwaka wa 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, uamuzi huo ukatanguliwa kwa rufani, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha. Zile zilikuwa betri za magari hasa, lakini sumu ni ile ile.

Kwa hiyo betri ya sola iliyokufa isipasuliwe nyumbani kutafuta risasi ya kuuza, isiwekwe jikoni, wala isitupwe katika shimo la takataka lililo juu ya kisima. Iwekwe juu ya ubao mahali pakavu, mbali na watoto na kuku, mpaka upate safari ya mjini. Mwuzaji wa betri mpya mara nyingi huipokea ile kuukuu na kukupunguzia bei. Kama mko wengi, sosaiti yaweza kutenga kibanda kimoja cha kuzikusanya na kuzipeleka pamoja kwa mnunuzi mwenye kibali cha NEMA. Mweka hazina aandike kila betri iliyoletwa na jina la aliyeileta, ili fedha zikirudi zijulikane ni za nani.